Fomu ya Nafula na Koti la Jumapili

Nyinyi vijana wa kanisa letu mlikuja wanne nyumbani kwangu, mkakaa kwenye kochi, mkanywa chai ya mke wangu, Mama Wekesa, mpaka birika likakauka, kisha mmoja wenu akasema, "Mzee, tuandikie kitu kabla hatujaenda chuo. Kitu cha kututia moyo." Kutia moyo! Mimi nilikuwa karani wa usajili. Kazi ya karani wa usajili si kutia watu moyo, ni kuwauliza fomu iko wapi. Niliwauliza vijana swali hilo tangu tulipopata uhuru mpaka siku nilipopewa saa ya ukutani na kuambiwa kwaheri, na saa yenyewe haikumaliza mwaka, ikafa.

Basi nitaandika, lakini msitegemee asali.

Chuo chetu kilikuwa katikati ya mji wa Nairobi, ghorofa ya pili, juu ya duka la vitambaa. Tulifundisha upigaji chapa, uandishi wa barua za ofisi na kazi ya simu. Msichana akitoka pale na cheti, wiki ya pili ana meza yake katika ofisi fulani na watu wanamwita Miss. Hiyo ndiyo ilikuwa thamani ya nafasi moja. Na nafasi zilikuwa chache, waliozitaka wengi, kwa hiyo sheria ilikuwa hivi: barua ya kukubaliwa inatumwa pamoja na fomu. Fomu ijazwe, mzazi atie sahihi, chifu apige muhuri, daktari aandike kwamba kifua ni kizima, picha mbili zibandikwe, irudi kwetu kabla ya Ijumaa ya mwisho. Isiporudi, jina linapigwa mstari mwekundu na nafasi anapewa mwingine aliye kwenye orodha ya akiba. Kalamu nyekundu nilikuwa naishika mimi.

Nitafika kwa Nafula. Mnamjua wote, yule mama wa nyanya pale Riruta, kando ya barabara ya Naivasha, ambaye akimwona mtoto na bahasha mkononi lazima amwambie, "Peleka mapema, usilale nayo." Nitafika kwake. Lakini kwanza muijue kazi, maana msipoijua kazi hamtaliona kosa.

Aliyenifundisha alikuwa karani mkuu, Mhindi mmoja tuliyemwita Bwana Ramesh. Mtu mwembamba, shati jeupe kila siku ya Mungu, hasira iko karibu kuliko mate. Siku yangu ya pili kazini nilipiga muhuri wa "Imepokewa" kwenye fomu zaidi ya ishirini bila kugeuza tarehe. Ule muhuri ulikuwa na mpini wa mbao na mikanda midogo ya mpira yenye nambari, na kila asubuhi ilibidi uizungushe kwa kidole. Mimi sikuzungusha. Nikapokea fomu za Jumanne kwa tarehe ya Jumatatu, huku napiga mluzi.

Bwana Ramesh hakupiga kelele. Alizikusanya zote, akaniwekea mezani, akaniambia nikate kila tarehe kwa wino, niandike ile ya kweli na nitie sahihi yangu kwa kila moja. Kisha akasema, kwa kile Kiswahili chake, "Wewe iko karani. Wewe hapana iko Mungu. Muhuri nageuza kila asubuhi, mbele ya chai. Rudisha nyuma, hapana. Hata kama mama yako nalia hapo dirishani, hapana." Nilimchukia wiki nzima. Baadaye nikaona ndiye mwalimu pekee niliyewahi kuwa naye.

Mnalalamika leo kwamba mtandao uko chini, sijui simu imekwisha moto. Loo! Sisi tulikuwa na machifu. Muhuri wa chifu ulikuwa unakaa mfukoni mwa chifu, na chifu akienda matangani, muhuri umeenda matangani. Mwaka mmoja vijana saba kutoka lokesheni moja walichelewa kwa pamoja, na nilipowauliza, wakaniambia walimfuata chifu mpaka kwenye mazishi, wakapanga foleni nyuma ya wafiwa, na chifu akawapigia muhuri juu ya kifuniko cha jeneza kwa sababu hapakuwa na meza. Niliziangalia zile fomu. Muhuri ulikuwa umekaa vizuri kweli kweli, ubao ulikuwa laini.

Kijana mwingine aliambiwa alete picha mbili. Akaleta moja, ya ukoo mzima, watu kumi na mmoja, mbuzi pia yumo, na amechora mshale: "Mimi ni huyu." Mwingine akaleta fomu tupu kabisa. Nikamuuliza, "Mbona hukujaza?" Akanionyesha pale chini kabisa palipoandikwa kwamba mwombaji asiandike chochote hapa. Ilikuwa ni sehemu ya ofisi, lakini yeye alitii kwa fomu nzima. Mnacheka. Nami nilicheka, nikamnyima nafasi, kwa sababu Ijumaa ilikuwa imepita. Yule kijana alikuwa ametembea kutoka Kabiria mpaka mjini kwa miguu kuleta karatasi tupu, na nilimrudisha kwa miguu ile ile. Nilidhani huo ndio ukarani.

Basi mkitaka ujanja wa kazi, huu hapa. Usimwambie mtu siku ya mwisho. Ukimwambia siku ya mwisho, umempa ruhusa ya kukaa mpaka siku hiyo. Mwambie siku ya kwanza: leta Jumatatu. Na barua ya chuo ilikuwa ya Kiingereza kitupu, wakati anayetakiwa kutia sahihi ni baba ambaye Kiingereza chake ni "yes" na "no". Nikaanza kuandika kwa penseli pale chini, kwa Kiswahili: "Mzazi, karatasi hii irudi kabla ya Jumapili ya pili." Niliandika Jumapili kwa makusudi. Watu wetu hawakuwa na kalenda ukutani, lakini Jumapili walizijua kama vidole vyao. Bwana Ramesh aliiona ile penseli, akanitazama juu ya miwani, akaendelea na chai yake. Mwaka huo fomu zilirudi nyingi kuliko kawaida.

Halafu ukaja wakati ambapo Wahindi wengi walikuwa wanafunga masanduku. Makaratasi ya kukaa, vibali vya kazi, mnajua nyinyi wenyewe mlivyosoma. Siku moja Bwana Ramesh akanifuata mezani, akaniwekea muhuri mbele yangu, akasema, "Sasa iko yako. Mbele ya chai." Akaenda. Mtu aliyezaliwa hapa hapa Ngara! Sitawadanganya kwamba nilisikitika. Nilifurahi. Nilianza kupima kiti chake kwa macho kabla hajafika mwisho wa ngazi. Mkuu wa chuo akanifanya kaimu karani mkuu, na akaniahidi kwamba msimu wa usajili ukipita bila doa, barua ya kunithibitisha itatoka.

Bila doa. Hayo maneno mawili yashikeni.

Sasa, sisi tuliotoka magharibi tulikuwa na tabia moja, na bado tunayo. Karatasi ya maana hatuiamini posta, wala hatuliamini dirisha la ofisi. Karatasi ya maana inapitia mkononi mwa mtu wetu. Kwa hiyo kila Jumapili, pale nje ya kanisa letu la mabati Kabiria, kina mama walikuwa wananisubiri. "Mulembe, Karani," wananisalimu kwa kikwetu. "Hii ni ya mtoto." "Karani, wewe si ndugu yetu? Tupelekee." Ningeweza kukataa. Ningeweza kuwaambia kwamba kila anayetaka aje dirishani, aone muhuri ukigonga, aondoke na roho safi. Lakini nilikuwa napenda. Mtu wa miaka thelathini na kitu, amevaa koti, amezungukwa na wazazi wa watu wanaomnyenyekea, aone nini kingine duniani? Nilikuwa nazipokea zile fomu kama askofu.

Na hilo koti ndilo lililokuwa taabu. Nilikuwa na koti moja la maana, la rangi ya majivu, alilonishonea Singasinga mmoja pale mjini. Lilivaliwa Jumapili tu. Nikirudi kutoka kanisani, Mama Wekesa analipangusa, analikunja, analitia kwenye sanduku la bati pamoja na dawa ya nondo, halitoki mpaka Jumapili nyingine. Kwa hiyo nilijiwekea kanuni: kabla ya kuvua koti, mifuko yote inamwagwa mezani. Fomu zinawekwa chini ya redio, Jumatatu zinakwenda kazini. Miaka mingi sikukosea hata mara moja, na nilikuwa najisifu kwa hilo.

Mama Nafula alikuwa mjane. Alikuwa anafua nguo katika nyumba ya daktari mmoja karibu na Adams Arcade, anakwenda kwa miguu asubuhi, anarudi kwa miguu jioni. Kusoma hakujua. Lakini kanisani alikuwa na kazi ambayo hata mchungaji asingeiweza: alikuwa anaweka hesabu ya zamu za kufagia. Wanawake kumi na wawili, kila mmoja na Jumapili yake, na mmoja akisafiri au akijifungua zamu zinabadilishana, na yote hayo alikuwa nayo kichwani. Ukimuuliza zamu ya fulani ni lini, anakujibu kabla hujafunga mdomo. Hakuwahi kukosea.

Mtoto wake ni huyu Nafula. Alikuwa amefanya vizuri shuleni na chuo chetu kikamkubali kwa upigaji chapa. Lakini baba yake mdogo kule Bungoma alikuwa ameshasema: akipata nafasi mwaka huu, sawa, asome. Asipopata, arudi nyumbani aolewe, maana Nairobi si mahali pa kumweka msichana bure bure. Mama wa watu alimpigia magoti shemeji yake kuupata huo mwaka mmoja. Kanisa zima tulijua.

Jumapili ile, kabla ya Ijumaa ya mwisho, ilikuwa zamu ya Mama Nafula mwenyewe kufagia. Baada ya ibada akanifuata nje, ufagio bado uko mkononi, akanipa bahasha ya kaki. Ndani fomu, sahihi, muhuri wa chifu, daktari, picha mbili, kila kitu. "Karani," akasema, "hayo ni maisha ya mtoto wangu."

Nikamwambia, "Mama, hesabu kwamba imeshafika."

Nikaitia bahasha mfuko wa ndani. Zile nyingine zilikuwa mifuko ya nje. Mara mvua ikaanza, ile mvua ya Dagoretti isiyobisha hodi, tukakimbia. Nilipofika nyumbani nikamkuta shemeji yangu amekuja kutoka Kakamega na habari za watu na vifo vyao, chakula kimeiva, koti limelowa mabegani. Nikamwaga mifuko ya nje chini ya redio. Nikavua koti. Mama Wekesa akalianika karibu na jiko, likakauka, akalikunja, akalifungia sandukuni.

Wiki nzima nilikuwa nafanya kazi kwa bidii ya mtu anayetaka cheo. Alhamisi nikapitia orodha, nikaona jina la Nafula halina alama. Je, nilikumbuka? Hapana. Nakiapia kitabu, sikukumbuka. Nilichofanya nilipiga ulimi, nikamwambia mwenzangu wa meza ya pili, "Unaona watu wetu hawa? Mtoto anapewa nafasi, mama yake anaikalia. Halafu watasema karani ana roho mbaya." Ijumaa jioni, saa kumi na moja, nikachukua kalamu nyekundu. Mstari ulinyooka vizuri, kwa sababu nilitumia rula. Nikaandika jina la msichana mwingine juu yake na orodha ikapelekwa kwa Mkuu.

Jumapili nikavaa koti. Tulikuwa katikati ya wimbo, nikaingiza mkono mfuko wa ndani kutafuta leso, nikashika karatasi.

Sikuitoa. Vidole vilijua. Nikainua macho, na ng'ambo ya pili, upande wa wanawake, Mama Nafula alikuwa ananitazama huku anaimba. Akanitabasamia. Alidhani mtoto wake ameshaingia chuoni.

Jumatatu nilifika ofisini kabla ya mfagiaji. Niliketi na ile bahasha mbele yangu. Njia zilikuwa mbili. Kupanda kwa Mkuu na kusema, "Bwana, fomu hii nilipewa mkononi kabla ya muda, nikaisahau kwenye koti." Yule mtu hakuwa mkatili, labda angeongeza dawati moja. Lakini lingekuwa doa, na barua yangu ilikuwa juu ya meza yake ikisubiri sahihi. Njia ya pili ilikuwa kurudisha muhuri nyuma siku tatu, na Bwana Ramesh alikuwa amenikataza, na hata hivyo orodha ilikuwa imeshapita.

Nilichagua ya tatu, ambayo sikuwa nimeifikiria. Niligeuza muhuri kwa tarehe ya siku hiyo, kabla ya chai, kama nilivyofundishwa. Nikapiga: "Imepokewa", Jumatatu. Tarehe ilikuwa ya kweli kabisa. Nikajiona mtu mwaminifu! Hebu fikirini upumbavu huo.

Nafula alikuja dirishani siku hiyo hiyo, amevaa sketi ya shule aliyoitengeneza upya, nywele zimesukwa. Alikuja kuuliza masomo yanaanza saa ngapi.

"Fomu yako ilichelewa," nikamwambia.

"Imechelewa vipi, Karani? Mama alikupa kanisani."

"Ndiyo, alinipa. Jana."

"Jana? Si jana. Ni ile Jumapili ingine."

Nikampitishia fomu chini ya waya. "Wewe si umesoma? Soma muhuri."

Akausoma. Alikuwa na miaka kumi na minane hivi, na wakati huo muhuri ulikuwa haubishiwi. Kisha akasema polepole, si kwangu, "Mama alikaa nayo?" Akanirudishia fomu kwa mikono miwili, kwa adabu, akashuka ngazi. Nilimwambia kutoka nyuma, "Omba tena mwakani." Mwakani! Nilikuwa najua vizuri hakuna mwakani.

Kesho yake jioni mama mtu alikuja nyumbani kwangu. Alisimama mlangoni, hakutaka kuketi. Alikuwa ameleta fungu la kunde, maana hakujua kuja kwa mtu mikono mitupu.

"Karani, nisaidie kukumbuka," akasema. "Mtoto amenigombeza jana mpaka asubuhi. Anasema nililalia karatasi wiki nzima. Mimi naona kama nilikupa ile Jumapili ya zamu yangu. Nilikuwa na ufagio mkononi. Si ndiyo?"

Mama Wekesa alikuwa amesimama kando ya jiko, ananitazama. Shemeji yangu alikuwa bado yupo. Nikasema, "Hapana, Mama. Hukuwa na ufagio. Ilikuwa hii Jumapili iliyopita."

Alifikiri. Niliona anafikiri, midomo inacheza kama mtu anayehesabu. Natamani angebisha. Natamani angenitukana. Lakini yeye hakujua kusoma, na mimi nilikuwa Karani.

"Kumbe," akasema. "Basi siku zimenichanganya. Uzee huu. Nisamehe kwa kukusumbua, baba."

Akaacha kunde, akaenda. Mama Wekesa alizipika. Nilikula.

Barua yangu ya kuthibitishwa ilitoka mwezi huo, karatasi nzito, sahihi ya Mkuu kwa wino wa bluu. Nafula akapelekwa Bungoma. Mama yake akasimama mbele ya wanawake wa kanisa akaomba kuachishwa kazi ya kuhesabu zamu, akasema kichwa chake hakiaminiki tena. Wakampa mwingine, na zamu zikaanza kugongana, wanawake wawili wanakuja siku moja na ufagio, wiki ya pili hakuna hata mmoja, kanisa lina vumbi. Watu walicheka. Mimi nilikuwa nakaa kwenye lile vumbi na koti langu. Miaka michache baadaye mama naye akarudi kwao Bungoma, akafia huko.

Tangu mwaka ule sikupokea tena fomu ya mtu kanisani. Kina mama wakasema, "Karani amepanda cheo, anaringa." Niliwaacha waseme.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu sana. Nilipostaafu, fomu za waliokataliwa zilikuwa zichomwe moto, nami nikaichomoa moja, ya Nafula. Nikaificha mahali ninapopajua, mfuko wa ndani wa koti. Nafula alikuwa amesharudi Nairobi kitambo, ameachana na yule bwana aliyemwoa kule, ana meza yake ya nyanya na vitunguu. Nikawa mteja wake. Mwajua kwa nini? Kwa sababu alikuwa ananisalimu vizuri. "Habari ya asubuhi, Mzee Karani. Chagua hizi, ngumu ngumu." Nikilipia tano, ananiongezea ya sita, wakati mwingine na kitunguu juu. Alikuwa ananiheshimu kwa sababu siku ile dirishani sikumtukana. Nami nilikuwa napokea hiyo nyanya ya sita, naipeleka nyumbani, naila.

Mwaka jana, mmoja wenu, sitamtaja, alipita pale na bahasha yake. Nafula akamwambia, "Wee, peleka hiyo leo. Mimi yangu ilichelewa siku tatu, ndiyo unaniona hapa na nyanya. Mama yangu aliilalia. Mpaka anakufa tulikuwa hatuongei vizuri." Alisema kama mtu anavyotaja hali ya hewa. Kijana akacheka, akasema, "Sawa, mathe, napeleka." Mimi nilikuwa nimesimama pale na kikapu.

Nilirudi nyumbani, nikatoa fomu, nikarudi Riruta kwa miguu. Nikamwekea juu ya nyanya. Nikamwambia yote, koti, sanduku, mstari mwekundu, barua ya cheo. Sikuruka kitu.

Aliisoma upande wa mbele, akaisoma upande wa nyuma. Picha yake ilikuwa bado imebandikwa pale, ile ya nywele zilizosukwa. Aliitazama kidogo tu.

"Alikuwa na ufagio?" akauliza.

"Alikuwa nao."

"Tangu siku ile mpaka napelekwa Bungoma, kila asubuhi Mama alikuwa ananiuliza," akasema. "'Nafula, leo ni siku gani?' Kila asubuhi. Alikuwa anaogopa kukosea. Na mimi nilikuwa namjibu vibaya. Nilimwambia, si wewe ndio unajua siku?"

Nikasema nisamehe. Alitafuta chini ya meza, akatoa kalamu ambayo huandikia bei kwenye kipande cha kartoni, akanipa.

"Wewe ni karani," akasema. "Andika ilipokewa lini. Hapo juu ya muhuri. Na uandike ufagio."

Nilikata ile tarehe kwa wino, kama Bwana Ramesh alivyonifundisha, nikaandika: "Ilipokewa Jumapili kabla ya siku ya mwisho, kutoka mkononi mwa mama mzazi, aliyekuwa na ufagio." Nikatia sahihi. Yeye alikuwa anasubiri, hakuniharakisha wala hakunisaidia. Kisha akaikunja, akaitia kifuani. Akasema Desemba ataenda Bungoma, ataisoma kaburini kwa sauti. Mteja akaja, akamgeukia.

Ndiyo hayo, vijana. Mlitaka kutiwa moyo, na mimi nina hili tu: karatasi yako ipeleke mwenyewe, kwa mkono wako, na usiondoke mpaka umeona imepokewa. Usimpe mtu kwa sababu amevaa koti.

Bado nanunua nyanya pale. Ananisalimu, ananichagulia zile ngumu, nikilipia tano ananihesabia tano. Wateja wengine wote anawaongezea.